Binti Aliyeyasema Maneno ya Mabanoni

Mpendwa mshauri,

“Jukwaa ni kibanda cha kuwafichia watoto wasiojua kusoma.” Maneno hayo si yangu, ni ya mwenyekiti wa bodi ya shule yetu, aliyatamka mwanzoni mwa muhula mbele ya wazazi wapatao mia mbili, fimbo ya kuonyeshea mkononi na chati ya matokeo nyuma yake (sisi walimu humwita Bwana Asilimia, na nadhani anajua), nami niliyefundisha fasihi na maigizo katika shule hii ya sekondari ya umma kwa miaka kumi na tisa nikainuka kule nyuma karibu na mlango nikamjibu kwamba mtoto aliyehifadhi kurasa arobaini za mchezo amezisoma mara mia, kwamba watu walikuwa wakifundishana dunia kwa kuigizana kabla chati haijazaliwa, na kwamba yeye mwenyewe tangu tumjue hatujawahi kumwona na kitabu kisicho na majedwali, watu wakacheka, kicheko kikanilevya, nikaongeza sentensi ambayo mpaka leo imenikaa kooni kama mwiba: “Nileteeni mtoto mmoja wa jukwaa langu asiyejua kusoma, mmoja tu, nami nitalishusha pazia la ukumbi kwa mkono wangu, nilikunje, na funguo niwakabidhi.” Akaandika, mshauri. Yule bwana huandika kila kitu. Naomba msaada wako, kwa sababu mtoto huyo yupo, na aliyempata ni mimi.

Kwanza nikuonyeshe ukumbi wenyewe, maana ukisikia ukumbi utadhani una viti vya kitambaa. Ulijengwa uwe bwalo la chakula, ukageuzwa ghala, kisha ukasahauliwa, na kusahauliwa huko ndiko kulikotupatia. Pazia tulilishona wenyewe kwa mashuka yaliyochakaa ya bweni, tukalitia rangi ya buluu ndani ya mapipa, rangi ikakolea huku ikapauka kule, kiasi kwamba ukilitazama kwa muda unaona anga lenye mawingu yasiyo na mpango wa kunyesha. Madirisha yako juu, ya mbao zilizopangwa kwa kuachana, na ikifika saa kumi jioni jua likipita katikati ya zile mbao linalaza mistari ya mwanga jukwaani, sawasawa kama mistari ya daftari, na yeyote anayesimama pale anakuwa kama neno lililoandikwa. Nimeitazama mistari hiyo miaka kumi na tisa na bado sijaizoea.

Mchezo tunaouigiza mwaka huu nimeutunga mimi, umenichukua miaka saba ya kuandika na kufuta. Unahusu mama mmoja anayetunza kaunta ya mizigo iliyosahauliwa kwenye kituo cha treni, miavuli, masanduku, viatu, hata meno ya bandia, na kila siku anavipangusa na kuviambia kwamba wenyewe wako njiani. Nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu: sentensi ninazozipenda sikuzitia vinywani mwa wahusika, niliona haya, mtu mzima kama mimi ninayejulikana kwa barua kali za magazetini nitaonekana nimelainika, basi nikazificha ndani ya mabano, kwenye maelekezo ya jukwaa. Wasomaji wako wasioyajua mambo haya waelewe kwamba kilicho ndani ya mabano hakisemwi, mwigizaji anaelekezwa tu, hapa ingia, hapa geuka, hapa nyamaza. Ukitaka kuficha kitu, ni mahali pazuri.

Mhusika mkuu nilimpa binti wa kidato cha tatu ambaye shule nzima inamwita Kipaza, kwa sababu akizungumza ukumbini wapishi wanamsikia jikoni. Siku ya kwanza ya mazoezi bila karatasi akatoka nyuma ya pazia, akasimama kwenye ile mistari ya jua mbele ya madawati mawili tuliyoyafunika shuka yawe kaunta, na kabla ya kutenda lolote akasema: “Anaingia. Anawasha taa isiyowaka. Anasubiri macho yazoee giza, kama mtu anayesubiri kukumbukwa.” Ndipo akaingia, akawasha taa isiyowaka, akasubiri.

“We Kipaza,” akasema kijana anayeigiza mkuu wa kituo, “unameza mpaka maganda? Hayo ya mabanoni hayasemwi.”

“Kama hayasemwi, yameandikwa ya nini?”

“Ya kukuelekeza wewe.”

“Basi nimeelekea. Wewe umeambiwa uingie ukikohoa, mbona kifua kizima?”

Wakacheka wote, kisha wakanigeukia mimi nitoe hukumu, na mimi mwenye shahada ukutani nikajikuta nafunua mswada wangu kutafuta yameandikwa ya nini. Nikasema aendelee. Akaendelea, na nisijue nikueleze vipi kilichotokea, mshauri, ni kama ile ndoto ambayo unajua mlango utafunguka kabla hujaugusa, unaambiwa jambo, linatendeka, na kati ya neno na tendo panabaki nafasi ndogo ambayo moyo wa mtu unaingia na kuketi. Vicheko vikaisha vyenyewe. Nikaagiza wote waseme mabano yao. Tangu siku hiyo mazoezi yetu yakawa na utulivu ambao sijawahi kuuona kwa vijana thelathini wenye njaa ya saa kumi, wapishi wakawa wanakuja kusimama mlangoni na miko yao mikononi, mlinzi akaacha geti, mwalimu wa kemia aliyekuja kulalamika kuhusu kelele akakaa hadi mwisho akaondoka bila kulalamika. Kwenye mashindano ya wilaya tukawa wa kwanza. Kiongozi wa majaji akasimama akasema amekaa kwenye kazi hii miaka mingi na hajawahi kuona mtindo wa namna hii, mhusika anayejisimulia kabla ya kuishi, na akaniomba niandike ukurasa mmoja wa kuueleza mtindo wetu uchapishwe kwenye kijitabu cha mashindano ya mkoa, ambayo ni wiki tano kutoka sasa. Mtindo. Nikajibu, ndiyo, mtindo wetu.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa nimemtungia mama wa kaunta maneno mapya kuhusu kofia, nikayaandika wakati wa mapumziko, na jioni nikatoa karatasi mkobani nikampa Kipaza, nikamwambia, “Soma polepole tusikie inavyokaa.” Akaipokea. Akasimama kwenye mistari ya mwanga. Macho yake yakaenda kushoto kwenda kulia, yakashuka, kushoto kwenda kulia, kama yangu na yako, akavuta pumzi, akasema:

“Leo wameniletea kiatu kimoja. Kimoja tu. Nimekiweka dirishani kitazame njia, maana kiatu kinaujua mwendo wa mwenzake. Akipita, kitamwita.”

Mkuu wa kituo alisahau zamu yake. Nami nikajiambia, kofia yangu imekuwaje kiatu? Nikapanda jukwaani, nikamwambia, “Nionyeshe ulipofikia.” Akaweka kidole katikati ya karatasi bila kusita hata kidogo. Nikatazama. Kidole kilikuwa juu ya maneno “visivyo na migongo, tisa.” Nilikuwa nimempa orodha ya mtunza ghala ya viti vilivyovunjika. Kofia yangu ilikuwa bado mkobani.

Nikawaruhusu wengine waende, tukakaa wawili ukingoni mwa jukwaa, miguu inaning’inia.

“Umejua, mwalimu.”

“Tangu lini, mwanangu?”

“Tangu siku zote. Herufi nikizikuta moja moja nazijua. Zikiwa kundi, sijui nani ni nani.”

“Na umefikaje kidato cha tatu?”

Akanieleza bila kujitetea, kama fundi anayeeleza kazi yake. Mitihani ya kuchagua jibu anachagua, na masikio yake hayapotezi kitu, mwalimu akishasema jambo darasani limekaa. Insha ana mwenzake wa dawati. “Yeye ana mkono, mimi nina mdomo. Natunga mbili, anaandika mbili, halafu nanakili yangu kama mtu anayechora.”

“Na nani anapata zaidi?”

“Yeye. Anasema nina mwandiko mbaya.”

Tukacheka, Mungu anisamehe, tukacheka mpaka nikafuta macho, na sikujua nafuta nini.

Mabano nayo? Anaishi na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita, kazi yake ilikuwa kusoma maelezo ya mashahidi kwa sauti mbele ya hakimu, na mtu wa namna hiyo akiruka neno moja mwingine anafungwa. Kipaza alimwambia anapenda kujifunza kwa kusikiliza, basi shangazi akawa anamsomea mchezo mezani huku anachambua maharage, na kwake yeye hakuna maneno ya kusemwa na yasiyosemwa, yote ni ushahidi, ameyasoma yote kwa sauti moja, na binti akayabeba yote. Huo ndio mtindo wetu, mshauri, ule wa kijitabu cha mkoa.

Nilipoinuka akanishika mkono. “Usimwambie mtu, mwalimu. Tushinde kwanza. Wakijua, hawatamwona tena yule mama wa kaunta. Wataniona mimi tu.”

Bodi inakutana Ijumaa hii kuamua kama ukumbi ugawanywe kwa mbao nyembamba upatikane vyumba vinne vya masomo ya ziada. Nikisema ukweli, Bwana Asilimia atafungua daftari lake na kunisomea sentensi yangu, na pazia litashuka, na vijana thelathini watapoteza mahali pekee katika shule hii ambapo saa kumi jioni inafika kama mgeni wa heshima. Nikinyamaza wiki tano, tukashinda, hakuna atakayethubutu kupigilia mbao kwenye ukumbi wa mabingwa, na baadaye nitamfundisha taratibu, pembeni, mtu asijue. Lakini mwakani ana mtihani wa taifa wa karatasi na kalamu, na hapo hakuna mwenzake wa dawati. Nilikwenda kabatini nikatoa daftari lake la fasihi la mwaka jana, maana hata mimi nimemsahihishia, nikakuta wino wangu mwekundu chini ya insha moja nzuri sana iliyochorwa herufi kwa herufi: “Aongeze bidii.”

Nikuambie yote. Ukurasa wa mtindo nimeuandika nusu, umejaa maneno makubwa, umbali wa kijumba cha nafsi, usimulizi wa utendi, sijui nini. Na tangu Jumatatu kila jioni naketi safu ya tatu, jua linalaza mistari yake, naye anatoka nyuma ya lile anga la mashuka akizisema sentensi zangu ambazo kwa miaka saba hakuna aliyezisikia, na nasikia kama naota, na moyo wangu unasema usiniamshe, na siku mbili hizi nimejikuta nikitamani nisingekosea karatasi. Nifanye nini? Jina la shule usiliweke.

Mwalimu wa Pazia la Buluu


Jibu

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya kazi, mara ya pili kwa sababu ya kile kiatu dirishani. Pole. Sasa keti vizuri, maana pole yangu imeishia hapo.

Umenieleza pazia lilivyotiwa rangi. Umenieleza jua linavyolala. Kiapo chako umekinukuu neno kwa neno, na mwenyekiti umempa nafasi ya kutosha kumzika. Binti anataka nini? Sentensi nne fupi, tena kabla hazijapoa umeshahamia kwenye mbao za ukumbi. Huniulizi mtoto huyu atasoma lini, unaniuliza utavukaje maneno yako mwenyewe bila kuloa. Hayo ni maswali mawili, na umeyavisha kanzu moja.

Tuanze na dogo, kiapo. Uliapa kushusha pazia lililoshonwa na watoto kwa mashuka ya umma. Mtu haapi kwa mbuzi wa jirani kisha akajiita mkweli wa ahadi. Hakikufungi. Kinachokufunga ni kusema mbele ya watu kwamba ulikosea, na sisi tulioishi kwa makali ya kalamu neno hilo tunalitafuna kama wali wenye mchanga. Litafune.

Na Bwana Asilimia anapenda hesabu, basi tumhesabie. Binti huyu amekaa darasani miaka kumi. Amepewa dawati, amepewa vitabu, madaftari yake yamesahihishwa, ripoti zake zimetiwa saini na mhuri, na kila mwaka amepandishwa. Miaka kumi, hakuna aliyemwona. Jukwaani amekaa muhula mmoja, akaonekana. Sasa kibanda cha kufichia ni kipi? Ukumbi wako ndio mahali pekee hapo shuleni ambapo mtu mzima alimpa karatasi, akamtazama usoni, akasubiri asikie kitakachotoka. Kwingine kote walitazama alama. Mwenyekiti ameshika mshumaa analaumu giza la chumba alichofunga yeye.

Lakini usishangilie, wewe nawe umo. “Aongeze bidii.” Mtoto anatunga insha mbili kichwani kwa wakati mmoja, anachora herufi elfu moja za maneno asiyoweza kuyasoma zikawa insha nzima, na wewe mwenye shahada ukutani unamwambia aongeze bidii. Bidii gani tena, mwalimu? Hakuna mtu aliyefanya kazi kwa bidii katika shule yenu kama huyo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Leo hii, jioni, kabla ya mazoezi, keti naye tena pale ukingoni mwa jukwaa. Mwambie wazi kwamba siri hii hutaitunza, lakini jina lake halitatoka kinywani mwako bila ruhusa yake, na kwamba wa kwanza kuambiwa ni shangazi yake, nawe utakuwa umeketi pembeni. Atalia. Mwache alie, usimpe hotuba, una tabia ya hotuba. Akirudia kwamba watu watamwona yeye tu, usimdanganye kuwa hawatamwona. Mwambie siku ile ya kiatu, kwenye karatasi palikuwa na viti vibovu. Yule mama wa kaunta hakutoka kwenye karatasi, alitoka kwake, na anayekwenda kusoma haendi kumwacha.

Peleka pia ombi ofisi ya elimu apimwe na mtaalamu wa watoto wanaopata shida ya kusoma. Huenda ni macho, huenda ni namna akili yake inavyopanga herufi. Wewe si daktari na mimi si daktari. Lipeleke kwa mkono, usubiri barua ya majibu ukiwa umekaa hapo hapo.

Halafu shangazi. Una mtu aliyesoma kwa sauti miaka ishirini na sita bila kuruka nukta, na bado unaniuliza msaada utoke wapi? Mpe ule mchezo wako. Binti anaujua wote kichwani, na mabano yake. Kidole cha shangazi chini ya neno, mdomo wa binti juu yake, ukurasa mmoja kila siku, maharage yatasubiri. Alikuambia herufi zikiwa kundi hajui nani ni nani. Hapa kundi zima ni la watu wake, anayajua majina yao yote, anachokosa ni kuzijua sura. Anzeni na sentensi ya mtu anayesubiri kukumbukwa. Wala usijaribu kumwambia shangazi aruke mabano, atakutoa nje kama shahidi wa uongo.

Mashindano yaendelee, nani alikuambia yasimame? Ila ule ukurasa wa umbali wa kijumba cha nafsi uchane leo. Binti atamke ukweli wa mtindo ulivyozaliwa, kwa kosa, mezani, shangazi akisoma kila kitu, shangazi aandike, na sentensi ya mwisho aiandike binti mwenyewe kwa mkono wake, hata iwe ya maneno matatu, hata imchukue wiki zote tano. Majaji walitaka mtindo, watapata. Kama hataki kutajwa, kijitabu kitoke bila ukurasa huo, dunia haitapasuka.

Ijumaa nenda kwenye bodi. Vaa vizuri. Usimzomee mwenyekiti, hata kama ulimi unakuwasha. Mruhusu asome sentensi yako daftarini hadi nukta, kisha sema: “Nilisema hayupo. Yupo. Nilikosea, na nimempata jukwaani. Nyinyi mlimpata wapi?” Keti kimya wajibu. Halafu omba ukumbi usigawanywe, na kila mwanafunzi wa shule apate zamu ya kusimama pale na kusoma kwa sauti ukurasa mgeni, mwalimu mmoja akiwa safu ya tatu, bila kalamu. Hiyo ndiyo sanaa ya jukwaa mnayoibishania: mtu anasimama, mwingine anasikiliza kweli kweli. Vyumba vinne vya mbao havitakuwa na sikio hilo. Wakikukatalia, wakukatalie. Utakuwa umeshindwa ukiwa macho. Hivi sasa unashinda usingizini, na anayelipa usingizi wako ni mtoto.

Najua hutaki kuamka. Nimekuona umeketi safu ya tatu, nimeliona hata lile pazia, na kwa dakika mbili nami nilisahau kwamba nina barua ya kujibu. Ndoto nzuri, mwalimu, sikukatazi. Lakini zile sentensi zitoe kwenye mabano. Mtoto wa watu amekubebea muhula mzima kitu ulichoona haya kukishika. Mpokee mzigo wako, ana wake.

Sasa nawageukia nyinyi wenye kalamu nyekundu, mnaosoma gazeti hili chumba cha walimu na tayari mmeanza kunong’onezana kwamba shule hiyo mnaijua. Acheni kuitafuta. Fungueni ripoti zenu. Mtafuteni mtoto mmoja mliyemwandikia “Aongeze bidii” mihula mitatu mfululizo, mnamjua, hata sasa sura yake imewajia. Leo, kabla ya kengele ya mwisho, mwiteni, fungeni mlango asichekwe, mpeni ukurasa ambao hajawahi kuusikia ukisomwa, na msikilizeni mpaka mwisho. Akikwama, msiandike kitu. Wekeni kalamu chini, vuteni kiti, ketini karibu naye.